Uzi wa Hekaya Usikatike

Ya kale ni dhahabu, waja hunena, lakini si kila cha kale huonekana dhahabu machoni pa waja hao hao. Mtu akitaja riwaya aliyoisoma miaka thelathini iliyopita husikilizwa kwa heshima. Akitaja filamu ya enzi hizo, wenzake huitikia kwa kuguna na kukumbuka. Ila akithubutu kutaja mchezo wa tarakilishi wa umri huo, huchekwa kana kwamba ni mtu mzima aliyekutwa uani akicheza kombolela na watoto. Leo, mpenzi msomaji, naomba nichekwe. Nimeurudia mchezo mmoja wa mwaka 1990, nimeucheza kutoka mwanzo hadi mwisho, na nimeinuka kitini nikiwa na jambo la kusema ambalo halihusu watoto peke yao.

Mchezo wenyewe waitwa Loom, jina ambalo kwa lugha yetu ni kitanda cha mfumi, chombo cha kufumia nguo. Ulitolewa na kampuni ya Lucasfilm Games ya Marekani, na aliyeubuni ni Brian Moriarty. Huyu bwana alikuwa ametoka katika kampuni ya Infocom, ambako alitunga hadithi za tarakilishi zilizokuwa maneno matupu, kama vile Wishbringer ya mwaka 1985 na Trinity ya mwaka 1986. Katika hadithi hizo mchezaji alisoma aya, akaandika amri kwa kibodi, akasubiri jibu. Loom ulikuwa wa jamii nyingine, ile ya kuelekeza na kubofya: picha imo kiwambini, mkono umeshika kipanya, nawe waelekeza mshale penye mlango, penye mti au penye mtu, kisha wabofya uone kitakachojiri. Michezo ya namna hii haishindwi kwa wepesi wa vidole. Hushindwa kwa kutazama, kukumbuka na kuwaza.

Nilikutana nao mwaka 1993. Marehemu kaka yangu alikuwa ameajiriwa katika ofisi moja jijini Nairobi, na ofisi hiyo ilipoamua kununua mitambo mipya iliwauzia wafanyakazi ile mikuukuu. Ndani ya katoni la tarakilishi yetu, chini ya nyaya, tulikuta sanduku dogo lenye disketi, kanda ya kaseti na kijitabu. Kanda ilikuwa na mchezo wa kuigiza wa sauti, muda wa nusu saa hivi, uliosimulia yaliyotangulia kabla ya hadithi kuanza. Kijitabu kilikuwa na orodha ya uganga wa Wafumaji, na kando ya kila uganga pameachwa nafasi tupu ya kujazwa na msomaji. Kaka alikichonga penseli akakaa. Usiku huo hatukulala.

Hadithi yenyewe ni hii. Palikuwa na zama ambapo watu walijigawa katika vyama vya mafundi: wahunzi, watengeneza vioo, wachungaji, makasisi, na Wafumaji. Wafumaji waliibobea kazi yao mno hata wakavuka mpaka wa nguo, wakaanza kufuma mwanga, sauti na hatima za viumbe. Watu wakawaogopa, wakawasingizia uchawi, nao wakajitenga kisiwani pamoja na kitanda chao kikuu. Huko akazaliwa Bobbin Threadbare, mtoto ambaye mama yake, Cygna, aliwasihi wazee wakitumie kitanda kuiponya jamii iliyokuwa ikififia. Walipokataa akakitumia mwenyewe, akauvuta uzi mmoja wa kijivu usiotarajiwa. Kwa kosa hilo mama alifukuzwa. Mtoto akalelewa na bibi mmoja, Hetchel, ambaye alimfundisha ufumaji kwa siri. Siku Bobbin alipotimiza miaka kumi na saba, wazee wakamwadhibu Hetchel kwa kumgeuza yai. Muda si muda akaingia batamaji mweupe, na wazee wote wakageuzwa mabatamaji wakaruka. Kijana akabaki pekee ukumbini, mkononi ana kijiti cha kusokotea uzi na mbele yake yai moja.

Kijiti hicho ndicho silaha yake, kama twaweza kukiita silaha. Bobbin hana upanga wala bunduki, hana hata mfuko wa kutilia vitu, jambo ambalo wachezaji wa wakati huo walilistaajabia kwani michezo mingine iliwalazimu wazoe kila kilicho njiani. Yeye huimbisha kijiti. Kila uganga, ambao mimi nitauita ruwaza, una noti nne za muziki. Ruwaza ya kufungua ina noti zake, ya kutia rangi zake, ya kugeuza nyasi kavu kuwa dhahabu zake. Mchezaji huanza na noti tatu tu na huongezewa nyingine kadiri anavyokomaa, mpaka anaumiliki utaratibu mzima wa noti nane. Tena ruwaza nyingi hupigwa kinyume: ukiupiga wimbo wa kufungua kutoka mwisho kwenda mwanzo, mlango hufunga.

Niruhusu nitoe mifano miwili tu. Bobbin anapovuka bahari juu ya gogo, anazuiwa na kimbunga cha maji kinachozunguka kwa kishindo. Kelele za kimbunga hicho, ukizitegea sikio, ni noti nne: ndiyo ruwaza ya kupinda. Kijana huipiga kinyume, na kimbunga kikanyooka, bahari ikatulia. Baadaye anawakuta wachungaji ambao kondoo wao huliwa na joka kila uchao. Waungwana wa michezo mingine wangetafuta mkuki. Bobbin huwapaka kondoo rangi ya kijani kwa wimbo aliojifunza penye masufuria ya rangi huko kwao. Joka linapofika halioni kondoo, laona majani. Kitu pekee kinachoonekana mbugani ni Bobbin mwenyewe, naye ndiye anayenyakuliwa! Hapo ndipo mtunzi anapomkumbusha mchezaji kwamba hakuna wema usiokuwa na gharama.

Sasa nije kwenye hoja. Kuna wasomi wetu, na wengine ni marafiki zangu, wanaoshikilia kwamba michezo ya tarakilishi si sanaa ya kujadiliwa kurasani, kwa kuwa mchezaji huikatiza hadithi kwa mikono yake. Nawauliza: je, ngano zetu hazikatizwi? Fanani akisema paukwa, hadhira haiitiki pakawa? Kitendawili kinakamilika vipi pasipo mtu wa kusema tega? Jadi yetu ya masimulizi haijawahi kumwacha msikilizaji akae kama gogo. Humdai jibu, humdai kiitikio, na asipopata jibu humdai mji. Naam, asiyekitegua kitendawili hutoa mji, akaelezwa jibu, na jioni ikaendelea. Hakuna anayeuawa kwa kutojua.

Hili la kutouawa si dogo. Katika miaka ya 1980 michezo mingi ya safari na mafumbo, mathalani King's Quest iliyoanza mwaka 1984, ilikuwa na mazoea ya kumwua mchezaji kwa kosa la kukanyaga pasipostahili, au kumwacha akwame saa nyingi baadaye kwa sababu hakuokota kitu fulani mwanzoni. Mafundi wa Lucasfilm walipinga mtindo huo. Ron Gilbert, aliyeshiriki kuunda mtambo wa programu uitwao SCUMM kwa ajili ya mchezo wa Maniac Mansion wa mwaka 1987, aliandika makala mwaka 1989 akikashifu michezo inayomwadhibu mchezaji pasi na haki. Moriarty akaitekeleza imani hiyo kikamilifu zaidi. Katika Loom mchezaji hafi wala hapotei njia isiyo na marejeo. Akikosea, hujaribu tena. Huo, kwa maoni yangu, ni adabu ile ile ya kitendawili: kukosea ni sehemu ya kujifunza, si kosa la jinai.

Isitoshe, lugha yetu yaielewa siri ya mchezo huu kuliko wengi wanavyodhani. Kwetu sisi kutunga ni kuzitia shanga uzini, na kutunga vilevile ni kuandika shairi. Nguo iliyo mtamboni ina nyuzi za mtande zilizolala kwa urefu na nyuzi za mshindio zinazopita kati yake. Ukiukata mmoja, yote hulegea. Wala ufumaji si hekaya ya wageni. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya nguo zilizofumwa huko na kusafirishwa hadi Misri. Magofu ya Kilwa na ya Shanga katika kisiwa cha Pate yametoa vigae vilivyotobolewa tundu, vilivyotumika kusokotea uzi. Karne ya 19 ikaleta merikani kwa majora, na mitambo mingi ya pwani ikanyamaza. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayeiona jamii ya Wafumaji ikififia kisiwani mwao haoni jambo geni. Aona ufundi uliokuwapo, kisha ukawa vigae.

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali shemeji yangu. Kaka alitutoka miaka miwili iliyopita, na vitabu vyake vilikuwa bado vimo katika makatoni. Bintiye, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alinionyesha kile kijitabu, kingali na maandishi ya penseli ya baba yake kando ya kila ruwaza. Disketi zilikuwa zimeota ukungu, hazikufaa hata kidogo. Ila mchezo wenyewe tuliupata katika duka la mtandao, tukaufungua katika tarakilishi yake ya shule.

"Baba mdogo," akaniuliza baada ya dakika chache, "huyu akifa tunaanza wapi?"

"Hafi," nikamwambia.

Alinitazama kwa shaka, maana michezo aliyoizoea ni ya kuua na kuuawa. Kisha akafanya jambo nililolitarajia: akakifungua kijitabu akaanza kupiga noti alizoziandika baba yake. Wimbo wa kufungua ulikubali mara moja, na yai likapasuka. Akafurahi kupita kiasi. Akapiga wa kutia rangi. Kimya. Akapiga wa nyasi na dhahabu. Kimya tena. Akadhani amesoma vibaya, akajaribu upya polepole, huku amekiweka kidole juu ya hati ya babake. Ikanibidi nimweleze. Moriarty aliupanga mchezo ili ruwaza nyingi zibadilike kila mtu anapoanza upya, na ule wimbo wa kufungua hubaki vile vile. Ndiyo maana kaka alitumia penseli, si kalamu ya wino.

Binti alinyamaza kitambo. Kisha akauliza iwapo palikuwa na raba. Nikamwambia asifute. Nilimletea karatasi, naye akazipiga mistari kama ilivyo kijitabuni, akaanza kuandika za kwake. Kufikia penye kimbunga alikuwa haangalii tena kiwambo. Alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza. Mchezo huo ulipotoka ulikuwa na viwango vitatu vya ugumu, na katika kiwango cha juu noti hazionyeshwi hata kidogo, mchezaji hutegemea sikio. Nilimwona mtoto wa kizazi kinacholaumiwa kwa kutosikiliza akisikiliza kwa saa tatu mfululizo. Muziki wenyewe umetolewa katika Swan Lake ya Tchaikovsky, na sasa anaujua bila kujua kwamba anaujua.

Sitaki nionekane kusifu tu. Loom ni mfupi mno. Mchezaji mzoefu huumaliza kwa jioni moja au mbili, na hata ulipotoka wapo walionung'unika kwamba bei haikulingana na muda. Mafumbo yake mengi ni mepesi. Wahusika kadhaa huonekana, husema maneno mawili, hupotea. Na mwisho wake huja ghafla kama mvua ya masika. Askofu Mandible, kiongozi wa makasisi mwenye uchu wa kutawala, amnyang'anya Bobbin kijiti na kuupasua ulimwengu, ili majeshi ya wafu yawe yake. Kupitia mpasuko huo aingia Chaos, bwana wa wafu, na wa kwanza kuangamia ni Askofu mwenyewe. Chaos akitaka kitanda kikuu kiwe chake. Hetchel aangamia akimkinga kijana. Bobbin, akiwa hana njia nyingine, apiga wimbo wa kutengua, na kitanda kikapasuka vipande viwili. Ulimwengu nao wagawanyika. Nusu moja yabaki mikononi mwa Chaos. Nusu nyingine Bobbin aenda nayo, akigeuka batamaji na kumfuata mama yake angani.

"Sasa ile nusu nyingine?" binti akaniuliza. "Wale watu waliobaki huko?"

Sikuwa na jibu. Wachezaji walingoja mwendelezo wa hadithi hiyo miaka mingi, na haukutoka. Lakini kadiri ninavyoliwaza swali lake ndivyo ninavyoona kwamba mwisho ule, licha ya uharaka wake, ni mwaminifu kuliko miisho mingi ninayoisoma. Mtunzi hakutudanganya kwamba kila kitu huokolewa. Alisema kwamba pengine huokolewa nusu, tena kwa gharama ya kile ulichokipenda zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize, kwani lililoipata hadithi ndilo linaloipata sanaa hii yenyewe. Mwaka 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation, likishirikiana na Software Preservation Network, lilitangaza matokeo ya utafiti wake: katika michezo ya kale iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena sokoni. Hiyo si nusu. Ni karibu yote. Kampuni iliyoutoa Loom, ambayo baadaye iliitwa LucasArts, ilinunuliwa na Disney pamoja na Lucasfilm nzima mwaka 2012, na mwaka 2013 studio yake ya kutengeneza michezo ikafungwa. Mchezo wenyewe ulinusurika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka 2001 wapenzi wa kujitolea walianzisha programu iitwayo ScummVM, inayowezesha michezo ya zamani ya aina hiyo kuendeshwa katika mitambo ya kisasa. Ya pili ni kwamba wenye haki waliurudisha madukani mwaka 2009 na tena mwaka 2015. Ingekosekana moja ya hizo, mimi na mtoto wa kaka yangu tungebaki na kijitabu na disketi zenye ukungu.

Hata hivyo aliyenusurika hakunusurika mzima. Toleo la mwaka 1990 lilichorwa kwa rangi 16 tu, na ajabu ya wachoraji wake ni namna walivyozichanganya nukta za rangi hizo chache zikatoa machweo na ukungu. Toleo la sidii la mwaka 1992 lilikuwa na rangi 256 na sauti za waigizaji, lakini ili sauti hizo zipate nafasi, maneno kadhaa yalipunguzwa, na baadhi ya picha za nyuso na vipande vya muziki vikaachwa. Kila toleo lina kitu ambacho jingine halina. Anayesema kuwa jipya limelifuta la kale hajazilinganisha nguo hizo mbili uzi kwa uzi.

Tutajifunza nini sisi wa huku? Kwanza, tuache kudharau. Walimu wa fasihi wanaofundisha ngano, vitendawili na maghani hawana sababu ya kuogopa hadithi inayochezwa. Wanayo istilahi ya kuihakiki tayari. Pili, tuhifadhi. Loom ulitafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Haukufika kwa Kiswahili, na lawama hiyo siwapi waliouunda. Lakini programu, michezo na kanda zilizotengenezwa na vijana wetu zimo katika mitambo inayooza makabatini, na hakuna anayeziulizia. Tatu, tutunge. Tuna Fumo Liyongo, ambaye alitoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, wakati ngoma na nyimbo zikiufunika mlio wa tupa ikikata pingu. Kama hicho si kitendo cha mchezo wa kubofya na kutegea sikio, basi sijui ni nini.

Nilipoaga, binti alikuwa ameanza mchezo upya. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa haifai tena, isipokuwa mstari mmoja wa juu. Aliichukua, akaikunja, akaitia ndani ya kijitabu cha baba yake, kisha akaomba karatasi nyingine.